Doa la biriani kwenye gauni la hariri limegeuka jekundu baada ya sabuni, nifanyeje?

Binti_Ngamiani

Habari za jioni wanajamvi, na shikamooni wakubwa wote.

Nina shida, na muda wenyewe ni mfupi. Jumamosi tulikuwa na harusi ya kaka yangu hapa Tanga. Mama alivaa gauni lake la hariri, refu, rangi ya krimu, mikono mipana. Marehemu baba ndiye aliyemletea kutoka safarini. Mama halivai ovyo, linakaa sandukuni na likitoka ni kwa shughuli nzito. Shanga za shingoni hazikuja nalo, alizishona fundi wa hapahapa Ngamiani miaka ya nyuma.

Wakati wa kula mtoto alipita na sahani ya biriani, mchuzi ukamwagika mapajani kwa mama. Doa ni kama ukubwa wa kiganja, na matone madogo pembeni. Mimi nilikuwa upande wa wanaume napeleka maji. Nilipofika nikakuta shangazi ameshamvuta mama hadi bombani, ameshapaka sabuni ya mche na kusugua kidogo. Palepale doa lililokuwa njano likageuka jekundu la kutisha, mama akapiga kelele, shangazi akaacha.

Sasa limekauka. Katikati ni wekundu wa kukolea kama kahawia, pembeni njano, na limezungukwa na alama ya maji. Lebo ya ndani imefifia sana, ninachokiona ni mduara wenye herufi P, na pasi yenye nukta moja.

Jumapili hii upande wa bibi arusi wametualika Muheza, na mama ameshasema atavaa gauni lilelile. Nimempigia simu mwenye draiklina mmoja, akanijibu "lete tu tutaona". Jibu hilo halikunipa imani.

Na la pili: suti ya kaka, ya sufu, bluu iliyokolea, ilimwagikiwa soda ya machungwa mkononi. Imekauka na haionekani kitu. Niiache hivyo?

Kijana_wa_Mwenge

Pole dada. Kwa kuwa gauni ni jeupejeupe mimi ningechukua Jiki kifuniko kimoja kwenye ndoo, naloweka nusu saa. Mashati yangu ya kazini yote naenda nayo hivyo na yanang'aa. Likigoma unaongeza na siki kidogo. Suti kama haionekani kitu achana nayo, ukiichokonoa ndiyo utaiharibu.

Dobi_Ilala

Binti, marahaba mwanangu. Kabla ya yote, kama hiyo Jiki ilikuwa njiani kuelekea kwenye ndoo, irudishe kabatini.

Kijana wangu wa Mwenge, najua umesema kwa nia njema, na kwa mashati ya pamba huenda usione madhara. Hariri ni kitu kingine kabisa. Pamba inatoka kwenye mmea. Hariri imetoka kwa kiwavi, ni protini, jamaa ya nywele na sufu. Klorini iliyomo kwenye Jiki inaila protini. Kwanza itaifanya hariri iwe njano, kisha nyuzi zitalegea, na ukiiacha muda mrefu utainua gauni lina tundu palipokuwa na doa. Na kuchanganya Jiki na siki kusifanyike kwa nguo yoyote ile, hata dekio. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, inachoma macho na mapafu. Hilo nalisema kwa msisitizo kwa sababu nalisoma kila mara mitandaoni.

Nimejifunza kazi hii kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja Unguja, baadaye nikafungua kwangu hapa Ilala, kwa hiyo naandika kama mtu ambaye nguo za harusi ndizo zinamlisha.

Sasa tuanze na huo wekundu, maana ndio unaowatisha. Gauni halijaungua, wala doa halijawa la damu. Kwenye manjano kuna rangi inayoitwa kukumini. Ikikutana na kitu chenye asili ya magadi, na sabuni ya mche ni ya namna hiyo, inageuka nyekundu. Ikikutana na kitu kichachu inarudi njano. Unaweza kuliona hilo jikoni kwako sasa hivi: koroga manjano kidogo kwenye kisosi, dondoshea maji ya sabuni ya kipande, litazame. Halafu kamulia ndimu.

Kwa hiyo wekundu unakupa habari moja ya maana, kwamba sabuni bado imo ndani ya kitambaa. Hariri haipendi magadi, ikikaa nayo inapoteza mng'ao na kuwa ngumu mkononi. Ukilipeleka draiklina likiwa na sabuni hiyo, dawa yao haiiondoi sabuni vizuri, na joto la kikaushio litazidi kulikamatisha doa. Sabuni itoke kwanza.

Ila bado hatujagusa gauni. Kwanza tuhakikishe kweli ni hariri. Kariakoo satini ya poliesta inauzwa kwa jina la hariri kila siku, na wauzaji wengine wenyewe hawajui. Geuza gauni ndani nje, tafuta ziada ya kitambaa kwenye mshono wa pindo, chomoa uzi mmoja au miwili. Ushike kwa kibano juu ya sahani ya udongo, uuwashe kwa kiberiti mbali na gauni na mbali na pazia. Hariri inasinyaa, inanuka nywele zilizoungua, ukiondoa moto mara nyingi inazima yenyewe, na majivu yake ni meusi yanayosagika ukiyabana. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu kisichovunjika kwa vidole. Pamba na viskosi vinanuka karatasi. Ukiniambia umepata nini ndipo nitakuwa na uhakika wa kukuongoza.

Kama ni hariri, fanya hivi. Maji baridi lita moja, siki nyeupe vijiko viwili vya chakula. Siki iwe nyeupe isiyo na rangi, ile ya kahawia itakuletea doa jipya. Jaribu kwanza kwenye pindo la ndani: lowesha kwa pamba, gandamiza na kitambaa cheupe, ukiona hakuna rangi iliyohamia endelea. Tandika taulo jeupe safi chini, laza sehemu yenye doa juu yake UPANDE WA MBELE UKITAZAMA CHINI, na umimine yale maji kidogokidogo kutokea nyuma, ili uchafu utoke kwa njia uliyoingilia. Gandamiza kwa kiganja na kitambaa cheupe. Hamisha taulo lipate mahali pasafi. Rudia mpaka wekundu urudi njano, kisha suuza kwa maji matupu ya baridi.

Usisugue. Nalirudia kwa sababu hapa ndipo gauni la mama litapona au litakufa. Uzi wa hariri ni mwembamba mno na uso wake ni laini, ndiyo maana unarudisha mwanga. Ukiusugua ukiwa umelowa, unachanika vipande vidogo visivyoonekana na pale mahali panabaki na weupe wa vumbi ambao hakuna dobi wala mashine itakayouondoa. Wateja huniletea gauni wakisema doa limebaki, nikiliinamisha dirishani naona doa lilishatoka siku nyingi na kilichobaki ni mchubuko. Shangazi kasugua kidogo, tuombe hakufika huko. Lishike gauni kimshazari karibu na dirisha asubuhi, utaona.

Alama ya maji isikusumbue sasa, inatokana na maji kusukuma uchafu na dawa za kiwandani hadi ukingoni. Tutaiondoa mwishoni.

Likishakauka kivulini (hangani, siyo kwenye kamba yenye vibanio) mimina poda ya watoto kwenye doa, iwe nene, kisha karatasi nyeupe juu, lilale usiku kucha. Ukikosa poda, unga wa wanga wa mahindi utafaa. Inanyonya samli na mafuta yaliyobaki. Asubuhi kung'uta na upanguse kwa brashi laini kabisa. Mchuzi wa biriani ni madoa mawili yaliyopandana: mafuta, na rangi ya manjano iliyojificha ndani ya mafuta. Ukianza na rangi, mafuta yatakuzuia. Anza na mafuta.

Kuhusu suti ya kaka: usiache. Soda ndiyo inayonisumbua kuliko hata biriani, kwa sababu imejificha. Mduara wenye P ulioukuta kwenye gauni maana yake nguo inasafishwa kwa dawa iitwayo perkloroethilini au jamaa zake. Watu wakisikia draiklina wanadhani nguo hailowani. Inalowana chepechepe, ila kwa dawa isiyo maji. Dawa hiyo inayeyusha mafuta vizuri sana lakini haiyeyushi sukari. Sukari ya soda inabaki kwenye sufu, inapita kwenye joto la kikaushio na la pasi, na inageuka kahawia kama unavyoiona sukari ikiungua sufuriani. Hapo mteja anaamini dobi kamwekea doa. Chukua kitambaa cheupe, kilowe maji ya uvuguvugu na kikamuliwe, gandamiza ule mkono kote ulikomwagikiwa, badilisha upande wa kitambaa, rudia. Kikiacha kunata umemaliza. Ndipo uipeleke, na funga uzi mwekundu mahali penyewe, umwambie fundi kwa mdomo: hapa palimwagika soda ya machungwa. Juisi ya miwa, madafu, shampeni, bia nyeupe, vyote ni hivyohivyo.

Na muulize mwenye draiklina maswali mawili: ana mashine ya dawa, au anafua kwa maji na kunyoosha? Maana si kila penye kibao cha draiklina pana mashine. La pili, zile shanga. Lebo ilishonwa kiwandani, shanga zimeshonwa Ngamiani, lebo haizijui. Kuna shanga za plastiki zinazolainika na kuyeyuka kwenye perkloroethilini, zinapaka gauni zima. Fundi makini atazijaribu kwanza, au atazifunika, au atakwambia uzifumue. Akikwambia "hakuna shida" bila kuziangalia, chukua gauni lako urudi nyumbani.

Nisubiri majibu ya uzi.

Mama_Kibokoni

Asalaam aleikum jamaa. Hapa Mombasa poda twaitumia sana, hata kwa mabuibui yakiingia samli. Namuunga mkono dobi.

Nami nina langu, si la haraka kama la Binti. Bintiye dada yangu aliolewa mwezi uliopita. Alipakwa hina na piko usiku, asubuhi akajaribu gauni la hariri ya waridi ilhali hina i mbichi kwenye kiwiko, likagusa. Sasa kuna michirizi ya rangi ya chungwa mkononi mwa gauni, na tone moja jeusi la piko. Tumeosha na kuosha. Je, yatoka?

Binti_Ngamiani

Mzee wangu, Mungu akubariki. Nimefanya yote kama ulivyosema.

Uzi: ulisinyaa ukazima, harufu ni ya nywele kabisa, mama mwenyewe alisema "nani anajichoma huko?" Majivu yakasagika. Kwa hiyo ni hariri.

Siki: wekundu uliondoka mbele ya macho yangu, sehemu moja baada ya nyingine, kutoka pembeni kwenda katikati. Shangazi alikuwa amekaa pembeni, alifurahi kuliko mimi, tangu Jumamosi alikuwa hana raha. Nimelitazama dirishani, naona mng'ao uko sawa isipokuwa sehemu ndogo sana, kama ukucha, imefifia kidogo.

Poda: nimeiacha usiku. Asubuhi ilikuwa imegandamana katikati, nimeipangusa, nimerudia tena mchana. Mafuta nadhani yametoka maana kitambaa hakina tena ule uzito na ubaridi.

Kilichobaki ni unjano mwepesi na ile alama ya maji. Binamu yangu anasema tulianike juani kutwa nzima, kwamba manjano inakufa juani. Ni kweli?

Suti nimeifuta, na kweli kile kitambaa kilitoka na rangi ya chungwa ingawa kwa macho hapakuwa na kitu.

Dobi_Ilala

Vizuri sana mwanangu. Mpe shangazi salamu, mwambie sabuni ya mche imeokoa nguo nyingi Tanga, ila hii haikuwa nguo yake.

Binamu yako anasema kweli nusu. Kukumini haivumilii mwanga wa jua, inavunjika na kupauka, ndiyo maana kitambaa cha jikoni cha pamba chenye manjano ukikianika siku mbili tatu kinakuwa safi. Lakini hariri nayo haivumilii jua. Inageuka njano na nyuzi zinakuwa dhaifu, na krimu inaonyesha haraka. Kutwa nzima utafukuza njano moja uingize nyingine. Jua tulibakize kama akiba.

Nenda duka la dawa, nunua spiriti ya kusafishia vidonda isiyo na rangi, siyo ile yenye rangi inayouzwa kwa taa na majiko. Kukumini inayeyuka kwenye spiriti kuliko kwenye maji. Jaribu tena pindoni kwanza, na usikaribie shanga. Taulo jeupe chini, upande wa mbele chini, gandamiza kutokea nyuma kwa pamba iliyolowa spiriti. Utaona taulo linachukua unjano. Sogeza taulo kila mara, vinginevyo unaurudishia uleule. Anzia nje ya doa ukiingia katikati, ili lisipanuke. Fungua madirisha, na pasiwe na jiko la mkaa wala udi chumbani.

Likifika mahali ambapo taulo halichukui tena, acha. Kama bado kuna kivuli, kwenye gauni la krimu nakuruhusu haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya dukani, matone juu ya kivuli tu, dakika 10, kisha suuza kwa maji baridi. Gauni lingekuwa la rangi, zambarau au kijani, nisingekuruhusu, ingekula na rangi yake. Ukiogopa peroksaidi, ndipo jua: funika gauni lote kwa shuka, acha kivuli peke yake wazi, jua la asubuhi kabla ya saa nne, na usiondoke hapo.

Kisha alama ya maji. Haiondoki kwa kulowesha mahali pake tu, utapata mviringo mwingine mkubwa zaidi. Lowesha paneli nzima ya mbele kutoka mshono hadi mshono, kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, ikaukie hangani kivulini kwa pamoja. Maji yakifika mshononi hayaachi ukingo katikati ya nguo. Shanga ziko shingoni, paneli ya mapajani haizigusi, kwa hiyo hilo linawezekana.

Pale palipofifia kama ukucha pameshachubuka. Usipaguse tena kwa chochote. Kwa bahati ni mapajani, kwenye mikunjo, na mama akitembea hapataonekana.

Mama Kibokoni, waaleikum salaam. Dada yangu, nitakujibu bila kukuzungusha. Hina inashika nywele na ngozi kwa sababu rangi yake inaungana na protini, na hariri ni protini hiyohiyo. Hina iliyokaa mwezi mmoja kwenye hariri imekuwa sehemu ya hariri. Ungeipata ikiwa mbichi, ungeikwangua kwa ukingo wa kijiko na kuisuuza kwa maji baridi kutokea nyuma, huenda ingebaki kidogo tu. Piko ni rangi ya nywele ya kemikali, nayo haina marudio. Ukizidi kuosha utachubua gauni la waridi bure. Mpelekee fundi wa kudarizi, atazame kama mkono ule unaweza kupewa lesi au nakshi kuanzia kiwikoni kwenda chini, na mkono wa pili vilevile. Mombasa mafundi wa hivyo hawakosi, na gauni linaweza likapendeza zaidi. Na kwa harusi zijazo, nguo ya kujaribu baada ya hina iwe ya pamba, hariri isubiri hadi hina imebanduka yote na mikono imekauka.

Utomvu wa mgomba na maji ya bibo ni wa ukoo mmoja na hina kwa ubishi. Mgeni akija kwenye shughuli ya shambani na hariri, mtafutie kiti mbali na migomba.

Msafiri_Maskati

Nawasoma kutoka Maskati. Mzee wa Ilala, nikuulize kuhusu joho. Nina bushuti la sufu nyeusi lenye zari ya dhahabu shingoni, la marehemu babu, naja nalo Unguja kwa harusi ya mdogo wangu. Zari imeanza kuwa nyeusi upande wa kushoto. Watu wananiambia niipake limau, wengine dawa ya meno.

Dobi_Ilala

Limau hapana, dawa ya meno hapana. Zari ni uzi uliozungushiwa madini, na safu ya dhahabu juu yake ni nyembamba kuliko unavyofikiri. Dawa ya meno ina chembe zinazokwangua. Itang'aa siku hiyo, na mwaka unaofuata utaona uzi mtupu. Limau litaingia hadi kwenye uzi wa ndani na kuendelea kula.

Nakisia chanzo. Upande wa kushoto ndio babu aliopulizia manukato, au ndio uliokuwa juu ya chetezo. Mafuta ya udi na manukato yenye spiriti, pamoja na jasho la shingo, ndivyo vinavyoitia zari weusi. Manukato yaende kwenye ngozi na kwenye kanzu ya ndani, bushuti livaliwe yakishakauka. Moshi wa udi sawa, ila liwe juu mbali, moshi ufike umepoa.

Unachoweza kufanya mwenyewe: brashi laini kavu, ufuate njia ya uzi, kisha kitambaa cha pamba kikavu. Zaidi ya hapo Maskati kuna mafundi wa mabushuti wanaoweza kufumua kipande na kushona zari mpya, na mimi ningewapa wao kabla ya kusafiri. Sufu yenyewe usiifue. Pangusa kwa brashi, litundike usiku mmoja penye hewa.

Ukifika Unguja, unyevu wa huku si wa Maskati. Usiliache kwenye mfuko wa nailoni. Na hili linawahusu wote wa pwani: ule mfuko wa plastiki unaopewa draiklina ni wa kukufikisha nyumbani tu. Uvue mlangoni, acha nguo ipumue hadi harufu ya dawa iishe, ndipo uivishe shuka kuukuu la pamba au mfuko wa kitambaa. Plastiki inafungia unyevu, na unyevu wa masika ukifungiwa unaleta ukungu. Nguo ya sufu au hariri usiitunze ikiwa na jasho hata kama inaonekana safi. Viwavi vya nondo hufuata jasho na mabaki ya chakula, kisha vinakula kitambaa. Vidonge vya nafthalini viwekwe kwenye kifuko juu ya nguo, visigusane nayo, vinaharibu hata vifungo vya plastiki. Na kofia ya viua ikifuliwa ikaukie kwenye faroma, yaani lile umbo la kuvishia kofia, msiitundike kwenye msumari.

Watu hudhani kazi hii ni maji na sabuni basi. Mwaka 1821 huko New York, fundi cherehani mweusi, Thomas Jennings, alipewa hataza ya Marekani, yaani haki ya mvumbuzi, kwa njia yake ya kusafisha nguo ambazo maji yangeziharibu, na anatajwa kuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata hataza yoyote. Wateja wake walikuwa wanamletea nguo nzuri zilizochafuka, hana la kufanya, ndipo akaketi kuitafuta njia. Nawasimulia vijana wangu hapa dukani, waijue heshima ya kazi yao.

Kijana_wa_Mwenge

Asante mzee, nimeelewa. Swali dogo: suti yangu ilidondokewa rangi ya kucha ya mchumba wangu kwenye bitana ya ndani. Asetoni inafaa?

Dobi_Ilala

Subiri kwanza. Bitana za suti nyingi ni za kitambaa kiitwacho asetati, na asetoni inaiyeyusha asetati papo hapo, tundu. Fanya kipimo: chomoa uzi wa bitana kwenye mshono wa ndani, uchovye kwenye asetoni ndani ya kikombe cha udongo. Ukilainika na kunata, hiyo suti isikaribie asetoni hata kwa harufu, ipeleke kwa fundi. Ukibaki mzima, kazi ndogo hiyo, njoo tuendelee.

Binti_Ngamiani

Mrejesho. Spiriti ilitoa unjano mwingi, taulo lilikuwa na maua ya njano kila mahali. Kilibaki kivuli, nikatumia peroksaidi mara moja tu, sasa lazima uambiwe pa kutazama ndipo uone. Paneli nililowesha yote, alama ya maji haipo. Draiklina niliyempata wa pili alizitazama shanga kwa kioo cha kukuzia kabla hajaongea bei, lakini mama ameamua tusilipeleke tena, limetosha. Suti ya kaka ndiyo niliyompa, na uzi mwekundu mkononi.

Limekauka ila lina makunyanzi. Nukta moja kwenye pasi ni kiasi gani? Pasi yetu ni ya umeme lakini namba zimefutika. Na tunasafiri kwa basi.

Dobi_Ilala

Mama ameamua vizuri. Huyo fundi wa kioo mshike, usimpoteze.

Nukta moja ni joto lisilozidi nyuzi 110 za Selsiasi. Kwa kuwa pasi yako haina namba, ipime kwenye kitambaa cha pamba chenye unyevu: ikilia "tsss" kwa nguvu na mvuke mwingi ni moto kupita kiasi, zima, subiri ipoe. Geuza gauni ndani nje. Lisiwe kavu kabisa, lifunike kwa taulo lenye unyevu hafifu kwa dakika chache ili unyevu uenee sawasawa, na usilinyunyizie maji, kila tone litaacha alama yake. Weka kitambaa chembamba cha pamba kati ya pasi na hariri. Teremsha pasi, inua, teremsha, usiburute. Shingoni penye shanga usipige pasi, litundike bafuni wakati wa maji ya moto, mvuke utapanyoosha. Pale palipochubuka pita haraka.

Kwa basi usilikunje. Litundike, livishe shuka la pamba, mmoja wenu alishike magotini mpaka Muheza, mama avae mkishafika. Na wewe beba kifuko cha poda na vitambaa viwili vyeupe kwenye mkoba wako. Chakula kikimwagika, kwanza chota kwa kijiko, kisha gandamiza kwa kitambaa kikavu, kisha poda. Bombani asipelekwe mtu.